Watatuambiaje Tuache?

6 Juni 2022

Mpendwa Baba,

Nimefika salama. Mahali nilipo siruhusiwi kupataja, lakini ukitaka kujua hali ya hewa, fungua oveni ya Shangazi Eloisa uweke uso wako mbele yake. Simu zetu tunaziacha kwenye sanduku nje ya lango, na Jumapili tunapewa simu moja ya kuzungukia wote. Jumapili iliyopita nilikupigia. Shangazi akapokea, akasema uko bustanini. Nikarudia baada ya chakula, ulikuwa bado bustanini. Baba, ni pilipili gani hizo zinazomwagiliwa kutwa nzima?

Basi nakuandikia. Najua siku hizi unapenda barua kuliko simu.

Nina habari. Mwezi wa Septemba, tukisharudi Colorado, kikosi chetu kitakabidhi bendera ya zamani na kupokea mpya. Tunatoka rasmi Jeshi la Anga na kuingia Jeshi la Anga za Juu, na jina nalo linabadilika: tutaitwa Kikosi cha 31 cha Vita vya Mawimbi. Kamanda wetu, Luteni Kanali Brandvold, aliuliza kikaoni nani ataandika historia ya kikosi kwa ajili ya siku hiyo. Nikakohoa. Unakumbuka sheria yetu: anayekohoa kikaoni ndiye aliyejitolea. Kwa hiyo mimi ndiye mwanahistoria, juu ya kazi zangu nyingine zote.

Kamanda anataka jambo moja zaidi. Anataka kile kikombe cha bati cha asili, ulichokuwa ukifunikia swichi ya kurushia mawimbi. Tulicho nacho kazini ni nakala ya nakala. Nimemwambia cha asili kiko Pueblo, nyumbani kwako. Anaomba ukilete wewe mwenyewe, utembee nacho mbele ya gwaride, ukiweke kwa mkono wako juu ya mtambo mpya. Nimemwambia utakuja. Usiniangushe.

Binti yako,
Noemi


21 Juni 2022

Noemi mwanangu,

Barua njema huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Yako imeanza na oveni ya shangazi yako. Mimi sijambo, naye hajambo, na oveni haijambo.

Kwa kuwa umepewa kazi ya historia, ifanye vizuri. Andika hivi. Tulianza tukiwa wachache, tungeweza kuketi wote kwenye meza moja ya mesi na nafasi ikabaki ya kuweka viwiko. Ofisi yetu ilikuwa tela lililoegeshwa kwenye kokoto, nyuma ya karakana ya magari. Makanika walidhani sisi ni mafundi wa televisheni, wakawa wanatuletea televisheni zao. Hatukuwasahihisha, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa siri. Kwa sababu hiyohiyo tulilazimika kuzitengeneza.

Dishi letu la kwanza liliitwa Bibi Prudencia. Aliyelipa jina hilo ni Dub Hanrahan, dereva wetu, kwa heshima ya mama mkwe wake. Alisema dishi hilo, kama mama mkwe, linasikia kila kitu na likianza halinyamazi. Tangu hapo kila dishi la kikosi limepewa jina la mama mkwe wa mtu. Usiandike kwamba ni majina ya miungu ya Kigiriki, kama nilivyosoma katika gazeti moja.

Kuhusu kazi ya kikosi, wengi huikosea. Hatupigi setilaiti wala hatuivunji. Adui huzungumza na watu wake kupitia setilaiti, nasi tunarusha kelele kwenye masafa yaleyale hadi wasisikilizane. Tukizima, setilaiti inabaki kama ilivyokuwa, haina hata mkwaruzo. Na yeyote anayezirushia kelele setilaiti zetu, tunamtafuta hadi tujue amesimama wapi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusikiliza. Andika neno hilo kabla ya neno vita.

Kuhusu sherehe, sitakuja. Kikombe nitakutumia huko huko uliko kwa posta ya jeshi. Wapo wastaafu wengine wenye miguu mizuri ya kutembea mbele ya gwaride. Hanrahan anaweza, kama goti lake litamruhusu.

Baba yako,
Leandro Archuleta


9 Julai 2022

Mpendwa Baba,

Hujambo? Shangazi hajambo? Nimeanza vizuri safari hii?

Kikombe kimefika. Ulikifunga ndani ya soksi zako, tena za sufu. Walipozitoa hapa, watu wote wakacheka, maana hakuna binadamu aliyevaa soksi ya sufu katika nchi hii tangu iumbwe. Lakini kikombe chenyewe hawakukicheka. Vijana walikipokezana kwa mikono miwili. Mmoja, Thaddeus Okimoto kutoka Hawaii, akauliza ule mbonyeo kwenye ukingo ulitokana na vita gani. Nikamwambia ulitokana na mama yangu, alipomrushia paka wa jirani. Amekataa kabisa kuamini. Anasema familia yetu inaficha jambo.

Nimekiweka kwenye meza yangu ya kazi. Mitambo mipya haina swichi, unabonyeza kwenye skrini, kwa hiyo nakifunika juu ya kipanya cha kompyuta. Na bado tunauliza swali lako, "Watatuambiaje tuache?" kwa sauti kabla ya kukiinua. Jumanne iliyopita niliuliza, na ofisa mmoja mgeni akacheka. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia. Naweza kusema tu kwamba baada ya kucheka alitoka mbio kwenda kubadilisha mpango.

Sasa niseme lililo moyoni. Kikombe bila wewe ni chombo cha kahawa tu. Nilidhani ungefurahi. Je, ni kwa sababu ya sare? Nilipobadilisha sare mwaka juzi ulisema, "Hao ni jeshi la sinema, mwanangu, wamekosa panga za taa tu." Nilicheka siku ile, lakini neno lile nimelibeba. Kama unaona kikosi ulichokianzisha kimepotea, na mimi nimepotea nacho, niambie. Na kama si hivyo, mbona hata simu yangu hupokei? Jumapili nne sasa. Hakuna bustani ya aina hiyo Pueblo nzima.

Binti yako,
Noemi


18 Julai 2022

Noemi binti yangu,

Mimi ni Shangazi Eloisa. Usishangae mwandiko, nimeandikia barua hii juu ya mashine ya kufulia nguo ili baba yako asione. Na ukimjibu, mimi sijakuandikia neno.

Amenisomea barua yako. Yaani alianza kunisomea, alipofika kwenye habari ya sare akasita, akaikunja, akaenda kuketi kwenye ngazi za nyuma. Nikamfuata nikamwambia, "Leandro, mwambie mtoto ukweli." Akanijibu, "Saa kumi na moja." Unaona? Alidhani nimemuuliza saa.

Baba yako hasikii, mwanangu. Sikio la kushoto limekwenda kabisa, la kulia linashika nusu nusu. Mlio wa simu huusikia nikimwonyesha kwamba inalia. Ukishaongea ndani yake, yeye anasikia nyuki tu. Ndiyo maana anakimbilia bustanini kila Jumapili. Hamwagilii chochote. Anasimama pale na mpira wa maji umefungwa.

Kliniki ya wanajeshi wastaafu wamempa vidude vya kuweka masikioni, vidogo kama mbegu za maharage, vizuri sana. Viko kwenye droo ya jikoni pamoja na mbegu zenyewe za maharage, siku moja nitavipanda. Kanisani Padre alimuuliza, "Mzee Archuleta, afya yako je?" Akajibu, "Ijumaa, Mungu akipenda." Padre akamwekea mkono kichwani, akadhani anaumwa.

Mimi namcheka, ni haki yangu kama dada. Lakini najua kinachomuuma. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kusikiliza. Wale wenzake walikuwa wakimwita aje avae vipokea sauti, awaambie ile kelele ni ya mvua, ya mtambo mbovu, au ya mtu. Sasa aende akasimame mbele ya kikosi kizima, kamanda amwambie "Karibu," yeye ajibu "Ijumaa"? Afadhali afe. Na wewe ukidhani amekasirikia sare, anakuacha udhani hivyo. Anaona ni aibu ndogo kuliko ile nyingine.

Picha yako ukiwa na hiyo sare anayo ndani ya Biblia. Anaitoa anaiangalia, halafu anasema kola imekaa vibaya.

Kula vizuri. Pilipili mwaka huu ni kali.

Shangazi yako,
Eloisa


2 Agosti 2022

Mpendwa Baba,

Natumaini mko wazima, na bustani pia.

Nimekuelewa kuhusu sherehe, sitakusumbua leo. Leo ninakuandikia kama mwanahistoria anayemwandikia shahidi. Nimekwama kwenye kile kisa cha kitambaa cha meza.

Kila mtu hapa anacho kisa chake. Okimoto aliambiwa kwamba kanali fulani alitembea jangwani peke yake akipeperusha shuka la kitanda. Mwingine anasema lilikuwa shati. Ofisa wetu wa mitambo anaapa kwamba walirusha roketi ya rangi. Kamanda Brandvold alifundishwa chuoni kwamba jambo lenyewe halikutokea, ni mfano uliotungwa wa kufundishia wanafunzi. Nikamwambia baba yangu alikuwapo. Akasema, "Basi nipe maandishi, Sajini, kwa sababu mimi nimelifanyia mtihani kama hadithi ya kubuni, na nilifaulu."

Wewe uliniambia nilipokuwa mdogo, lakini nakumbuka kicheko chako zaidi ya maneno. Niandikie vizuri, toka mwanzo. Kitambaa kilikuwa cha rangi gani? Kwa nini cha meza?

Binti yako,
Noemi


15 Agosti 2022

Noemi mwanangu,

Chuo hicho kinapaswa kuona haya. Jambo lilitokea. Andika kama ifuatavyo na usiongeze chumvi, kwa maana lina chumvi ya kutosha.

Yalikuwa mazoezi makubwa ya kwanza ya kikosi, jangwani Nevada. Sisi tulipewa upande wa adui. Kazi yetu ilikuwa kufunika kwa kelele mazungumzo ya setilaiti ya upande wa pili, na wao walipaswa kujifunza kupigana bila mazungumzo hayo. Tulijificha nyuma ya milima pamoja na Bibi Prudencia. Redio za kawaida hazikufika pale, milima ilikuwa katikati. Kanali Prewitt, aliyekuwa mkuu wetu, alitupa amri moja: tukishawasha, tusizime hadi Jenerali mwenyewe atuambie kwa simu ya setilaiti.

Tukawasha. Wale wa upande wa pili wakanyamaza kama redio iliyochomolewa ukutani. Tulipongezana sana. Prewitt akatugawia peremende. Muda wa kumaliza zoezi ukafika, hakuna aliyetuambia tuache. Prewitt akasema, "Jenerali amependa kazi yetu, anataka aione zaidi." Tukaongeza nguvu. Muda wa chakula ukapita. Hanrahan alikuwa amekwenda na gari kambini kutuletea chakula, naye hakurudi. Tukaanza kumsema.

Kisha tukaona vumbi. Gari lilikuja kasi, likiendeshwa na mpishi, na nyuma alisimama Hanrahan akipeperusha kitambaa cha meza. Kilikuwa cha miraba myekundu na myeupe, cha meza ya maofisa, na kilikuwa na doa la mchuzi. Alichukua hicho kwa sababu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote alichokiona mesini, na alijua tungekiona toka mbali. Prewitt akachukua darubini. Akasema, "Yule mpumbavu anajisalimisha kwetu." Mmoja wetu akamjibu, "Mkuu, yuko upande wetu." Prewitt akasema, "Basi mwacheni, anacheza."

Hanrahan alipofika hakushuka, alianguka. Akasema, "Zimeni! Jenerali anasema zimeni! Anasema zimeni tangu asubuhi, na mnayemzima ni yeye!"

Simu ile ya Jenerali ilipitia setilaiti ileile tuliyokuwa tunaifunika. Njia pekee ya kutuambia tuache, tulikuwa tumeiziba sisi wenyewe, tena kwa ustadi. Nchi nyingine yoyote ingehitaji adui kwa kazi hiyo.

Hakuna aliyeumia na hakuna kilichovunjika, ila mazoezi ya jeshi zima yalisimama, na Jenerali alilia. Wengine wanasema ni kwa hasira. Mimi nilimwona, alikuwa anacheka.

Kabla hatujafunga mizigo, nilichukua kikombe changu cha kahawa nikakifunika juu ya swichi. Nikasema kuanzia siku hiyo hakuna atakayekiinua kabla hajauliza kwa sauti, mbele ya wenzake, "Watatuambiaje tuache?" na kabla hajapata jibu lenye njia zaidi ya moja. Prewitt akauliza ni kanuni ya kitabu gani. Nikamwambia, ya kikombe. Hiyo ndiyo historia yetu yote, mwanangu. Mengine ni tarehe na majina ya mama wakwe. Mtu yeyote mwenye umeme wa kutosha anaweza kupiga kelele. Kikosi ni wale wanaohakikisha wanaweza kunyamazishwa.

Nimefurahi kuandika haya. Nilicheka peke yangu mezani, hata Eloisa akaja kunitazama.

Kuhusu sherehe, jibu langu ni lilelile. Lakini si sare. Nimeona nikuambie hivyo, kwa sababu haikuwa haki kukuacha na wazo hilo. Sare ni nzuri. Kola tu.

Baba yako,
Leandro Archuleta


1 Septemba 2022

Mpendwa Baba,

Natumaini nyote hamjambo. Tumerudi salama, niko kambini. Bado hatujaruhusiwa kwenda majumbani, kuna vitu vya kukagua na kusaini mpaka tuchoke. Kamanda amesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili aliisoma mlango ukiwa umefungwa, lakini kuta zetu ni za mbao, tulimsikia akicheka. Ameamua kikombe hakitawekwa kwenye kabati la kioo kama ilivyopangwa. Kitabaki mezani, kazini. Na chuo kitaandikiwa.

Sasa nikueleze kuhusu uwanja wa gwaride, kwa sababu nimepewa pia kazi ya kupanga sherehe. (Sikukohoa safari hii. Nilipiga chafya.) Uwanja huu ni mbaya. Upepo wa milimani unashuka moja kwa moja, spika zinapiga filimbi, na bendi wameiweka karibu na jukwaa. Tulijaribu jana: mimi nikiwa katikati, masikio yangu mazima, sikusikia amri hata moja. Okimoto alisikia "geuka kulia" akaketi chini. Hakuna mtu atakayesikia chochote pale, Baba. Awe kijana awe mzee.

Kwa hiyo nimekataa kutumia spika kwa ile sehemu ya kikombe. Nimempigia simu Mzee Hanrahan kule Fort Collins. Kitambaa bado anacho. Mkewe anakitandika siku ya kuzaliwa kwa wajukuu. Hanrahan atasimama mwisho wa uwanja, mbele kabisa, mahali ambapo mtu mwenye kikombe atamwona. Akikiinua kitambaa, mwenye kikombe anaanza kutembea. Akikishusha, mwenye kikombe anasimama, na atajikuta mbele ya meza yenye mtambo mpya. Kamanda hatasema neno, atapiga saluti tu. Hakuna hotuba kwa mgeni, hakuna maswali, hakuna "Karibu." Yote kwa macho.

Nafasi ya mwenye kikombe nimeiacha wazi kwenye ratiba. Sijaandika jina. Ni tarehe ishirini na nne.

Binti yako,
Noemi


9 Septemba 2022

Noemi,

Nimeusoma mpango. Ni mpango mzuri, na umeandikwa na mtu anayenijua.

Nitakuja. Jaza jina, na uandike cheo kwa ukamilifu: Sajini Mkuu Mstaafu. Mwambie Hanrahan asithubutu kukifua kile kitambaa, doa ni sehemu ya ushahidi.

Nimezungumza pia na shangazi yako. Nimemwambia kwamba nimetunza siri za taifa kwa maisha yangu yote ya jeshi, naye ameshindwa kutunza siri moja ya droo ya jikoni. Akanijibu kitu. Sikukisikia, na safari hii nashukuru.

Baba yako,
Leandro Archuleta


25 Septemba 2022

Mpendwa Baba,

Natumaini mmefika salama na Shangazi hakuendesha gari kama alivyokuja. Jana sikupata nafasi ya kuzungumza nawe. Wastaafu walikuzunguka kama nyuki, na nilipokufikia ulikuwa ukila keki na Hanrahan, mnacheka hata hampumui. Nikaona nikuache.

Lakini iko sehemu ambayo wewe hukuiona, kwa kuwa ulikuwa umenipa mgongo. Lazima nikuandikie, kisha nikuulize swali.

Kitambaa kilipoinuliwa, ulianza kutembea. Baba, ulitembea vizuri. Kikombe mbele ya kifua, uso mbele. Vijana wote walinyooka zaidi ya amri. Mimi nilikuwa kwenye mstari, na ulipokaribia meza nikamtazama Hanrahan ashushe kitambaa. Hapo ndipo upepo ulipokuja. Kitambaa kilimfunika kichwa chote. Nilimwona akipigana nacho, kofia imeanguka, mikono hewani, mke wake anamkimbilia. Kitambaa hakikushuka. Kilibaki juu kimemzunguka, na wewe ukaendelea.

Ukaipita meza. Ukampita Kamanda na saluti yake. Ukawa unaelekea moja kwa moja kwa yule mtu wa tarumbeta kubwa, naye akaendelea kupuliza huku akirudi nyuma kidogo kidogo. Na mimi nikawaza: Mungu wangu, niliandika mpango mzima, nikanukuu barua yako, nikasahau swali lenyewe. Niliacha njia moja tu ya kukuambia uache.

Mstari hauzungumzi, najua. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Baba! Simama!"

Nawe ukasimama. Ukageuka nyuma kwa hatua za gwaride, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa, ukarudi mezani, ukakifunika kikombe mahali pake. Watu wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya sherehe. Okimoto mpaka sasa anadhani hivyo. Msaidizi wa Kamanda aliniita baadaye akaniambia, "Sajini Archuleta, tangu lini mstari unaita baba zake?" Kamanda akamwambia aniache, ilikuwa njia ya pili ya mawasiliano.

Baba, bendi ilikuwa inapiga. Upepo ulikuwa unavuma. Ulinipa mgongo, usingeweza kuona hata mkono wangu. Ulinisikia vipi?

Binti yako,
Noemi


30 Septemba 2022

Noemi mwanangu,

Sisi hatujambo. Pilipili zimechomwa, nyumba nzima inanukia, na Eloisa amekuwekea mfuko kwenye friji. Njoo uuchukue kabla hajaugawa kwa wanakwaya.

Swali lako ni zuri na litajibiwa.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, Eloisa alisimama kununua petroli. Mimi nilibaki garini, barua yako mapajani, nikaupitia tena mpango wako kichwani. Kitambaa kikiinuka, natembea. Kitambaa kikishuka, nasimama. Nikajiuliza kile ambacho ningemuuliza kijana yeyote wa kikosi: na kitambaa kikishindwa, je? Mpango wako ulikuwa na njia moja tu, mwanangu. Na njia ya pili haikuwa juu yako kuiweka, ilikuwa juu yangu, nami nilikuwa nimeifungia kwenye droo.

Nilikuwa nimevichukua vile vidude nilipokuwa natoka nyumbani. Sijui kwa nini. Nilivitia mfukoni pamoja na leso. Nikaviweka masikioni pale pale kwenye kituo cha petroli, nikaishusha kofia. Kitu cha kwanza nilichosikia ni dada yangu akibishana na muuzaji juu ya bei, akiwa upande wa pili wa kioo kilichofungwa. Nilikaribia kuvitoa.

Uwanjani ni kweli ulivyosema, spika zile ni takataka, na bendi ndiyo kabisa. Sikuelewa lolote lililosemwa. Lakini nimefanya kazi ya kuchambua kelele kwa muda mrefu, na ndani ya kelele ile kulikuwa na sauti moja ambayo ningeitambua hata kama Bibi Prudencia angekuwa amewashwa kwa nguvu zote. Ulipokuwa mtoto uliniita kwa sauti ileile ukiwa juu ya paa la karakana, huwezi kushuka.

Tangu hapo sijavitoa, isipokuwa wakati wa kuoga. Nimegundua mambo. Friji letu linanung'unika. Eloisa hunisema akiwa jikoni, na ameanza kujua kwamba najua. Kalamu hii ninayoandikia ina sauti yake juu ya karatasi, nilikuwa nimesahau kabisa. Nimesimama mara kadhaa katikati ya sentensi ili tu niianze tena na kuisikia.

Mwambie Kamanda kwamba aliyefunga bendera upande wa kushoto aliacha fundo moja lilegee. Mengine yote yalikuwa sawasawa.

Nipigie Jumapili. Sitakuwa bustanini.

Baba yako,
Leandro Archuleta